Nilichomoa waya ili nisife: Uhalisia na haki kwenye vita vya ndege mtandaoni

Saa tano na robo usiku, mtaani Umoja. Jirani wa juu anafua nguo saa hiyo ya ajabu, mbwa wa ploti wanabwekea pikipiki, na mimi niko futi 14,000 juu ya pwani ya Kent, Uingereza, mwaka wa 1940.

Niko ndani ya Spitfire. Yaani niko kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta mtumba niliyonunua Luthuli Avenue, lakini wewe elewa tu kwamba niko ndani ya Spitfire. Namfuata Mjerumani mmoja anayeshuka kuelekea baharini. Macho yote nimemkazia yeye. Nyuma sijaangalia.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni mlio kama wa mtu anayemwaga kokoto juu ya mabati. Kioo cha mbele kikajaa mafuta meusi. Mshale wa joto la injini ukaanza kupanda. Kumbe kulikuwa na Mjerumani wa pili, amekaa nyuma yangu kitambo, ananipima tu.

Wakati huo nilikuwa nimeruka safari 23 bila kufa. Kwenye kikosi chetu sheria ni moja: ukifa, hesabu yako inarudi sifuri. Ukifikisha 25, unapewa kuongoza kundi la ndege nne. Nilikuwa nimebakisha mbili. Mbili tu, wasee!

Basi mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya meza, ukachomoa waya wa intaneti. Skrini ikaganda. Nikachukua simu, nikaandikia kikosi kwenye kundi letu: "Samahani jamani, stima imepotea."

Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Nimekaa na hiyo siri kwa muda, na leo nataka kuitoa. Lakini ili uelewe kwa nini kuchomoa waya ni dhambi kubwa hivyo, kwanza lazima nikueleze tunacheza nini.

SI GEMU YA KUBONYEZA OVYO

Wengi wetu tulikulia kwenye vibanda vya PlayStation, mbao kwa mechi, ukifungwa unampisha mwingine. Hizo ni gemu ambazo mtoto wa miaka sita anaweza kuzielewa kwa dakika kumi.

Simuleta za ndege za kivita ni mnyama mwingine. Hapa lengo ni ndege iliyo kwenye kompyuta ifanye kama ndege ya kweli, pamoja na shida zake. Kuwasha injini pekee kunaweza kukuchukua dakika tano. Wiki yangu ya kwanza sikupigwa risasi hata moja, kwa sababu sikufanikiwa kuruka. Nilikuwa naanguka palepale kwenye nyasi za uwanja.

Historia yake ni ndefu. Mwaka wa 1988, kabla wengi wetu hatujazaliwa, Wamarekani walikuwa tayari wanapigana angani kupitia laini za simu kwenye gemu iitwayo Air Warrior. Mwaka wa 1998 ikaja Falcon 4.0 ya ndege ya F-16. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa kinene kuliko vitabu vingi vya chuo, na hadi leo kuna watu wanaoiendeleza kwa kujitolea. Mwaka wa 2001 Warusi wakiongozwa na Oleg Maddox wakatoa IL-2 Sturmovik, na hapo ndipo wengi walipoonja vita vya mtandaoni vya ndege za Vita Vikuu vya Pili.

Ninayocheza mimi ni mtoto wa hiyo, IL-2 Sturmovik: Cliffs of Dover, iliyotoka 2011. Inahusu Vita vya Uingereza, yaani yale mapigano ya 1940 ambapo Wajerumani walijaribu kuitawala anga ya Waingereza na wakashindwa. Gemu ilitoka ikiwa mbovu mbovu. Wachezaji wenyewe, kikundi kinachoitwa Team Fusion, wakaikarabati kwa miaka, na 2017 ikatolewa upya.

Kwa wale wanaopenda ndege za kisasa kuna DCS World ya kampuni ya Eagle Dynamics. Unaipakua bure na unapewa ndege mbili za kuanzia, Su-25T na TF-51D. Humo pia wanauza F-5E, jamaa ya zile F-5 za Jeshi la Wanahewa la Kenya zinazopasua anga ya Nairobi wakati wa sherehe za kitaifa. Ukiwahi kukimbilia nje ya keja ili uzione zikipita, basi ugonjwa tayari unao.

SWICHI ZA MWENYE SEVA

Sasa, mtandaoni kila seva ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anaamua ukali wa sheria. Kuna orodha ya swichi. Je, majina ya maadui yaonekane juu ya ndege zao? Je, unaweza kutazama ndege yako kutoka nje, ama ni lazima ubaki kwenye chumba cha rubani? Risasi ziishe ama zisiishe? Injini ikichemka, ife ama isamehe? Rubani akikata kona kali, aone giza ama aendelee kama kawaida?

War Thunder, ambayo huenda umeiona YouTube, imegawa mambo haya kwa ngazi tatu. Ngazi ya chini ni ya kujifurahisha, ya kati ina ukweli kiasi, na ya juu hukuonyeshi adui kwa alama yoyote na huwezi kutoka ndani ya chumba cha rubani.

Seva yetu imewasha karibu kila kitu kinachoumiza.

Nikupe mfano. Injini ya Merlin ya Spitfire za 1940 ilipata petroli kupitia kabureta. Rubani akisukuma pua ya ndege chini kwa ghafla, mafuta yaliruka juu ndani ya kabureta na injini ikakosa pumzi. Bf 109 ya Mjerumani ilinyunyiziwa petroli moja kwa moja kwenye injini, kwa hivyo haikuwa na shida hiyo. Rubani wa Kijerumani akibanwa, alisukuma fimbo mbele akapiga mbizi, na Spitfire iliyomfuata ikabaki inakohoa. Mhandisi mmoja mwanamke, Beatrice Shilling, ndiye aliyepata dawa ya haraka: kipande kidogo cha chuma chenye tundu cha kupunguza mafuta yanayopita. Lakini kilianza kufungwa 1941. Sisi tuko 1940, kwa hivyo tunakohoa.

Risasi nazo ni za kuhesabu. Spitfire ya wakati huo ilikuwa na bunduki nane, kila moja risasi 300. Ukifinya kitufe bila kuachia, zote zinaisha kwa sekunde kama 15. Mizinga miwili ya Bf 109 ilikuwa na risasi 60 kila mmoja, sekunde 7 hivi. Baada ya hapo una ndege nzuri ya kutalii.

Kuna na kupotea njia. Mwandishi Roald Dahl, yule wa vitabu vya watoto, alijiunga na jeshi la anga la Uingereza hapa hapa Nairobi mwaka wa 1939 na akajifunza kurusha ndege juu ya jiji letu. Mwezi Septemba 1940 alitumwa kupeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi chake jangwani, kaskazini mwa Afrika. Mahali alipoelekezwa hapakuwa na kikosi. Giza likaingia, mafuta yakaelekea kuisha, akajaribu kutua jangwani akaanguka vibaya na kuvunjika fuvu. Hakuna adui aliyempiga. Kwenye seva yetu nimeona wageni wengi wakifa kifo cha aina hiyo, wakitafuta uwanja wakati jua linazama na hakuna mshale wa kuwaonyesha nyumbani.

Haya mambo yanachosha, najua. Lakini ndiyo yanayofanya safari 23 ziwe na thamani. Ningekuwa nafufuka kila baada ya sekunde tatu, ningeenda kuchomoa waya kwa nini?

KITU KIKIWA CHA KWELI, NI HAKI?

Hapa ndipo wachezaji wanapigana makonde kuliko angani.

Vita vya kweli havikuwa na usawa. Mwaka wa 1916 rubani wa Kijerumani, Oswald Boelcke, aliandika kanuni za mapigano ya angani ambazo marubani walizifuata kwa miaka mingi. Kanuni yake ya kwanza inakuambia utafute faida kabla ya kushambulia, na jua liwe nyuma yako. Yaani umpige mtu akiwa hawezi kukuona. Hiyo kwenye mpira ni kadi nyekundu. Angani ni kazi nzuri.

Kwa hivyo aliyenipiga usiku ule hakunionea. Alifanya kitu ambacho ningefanya mimi.

Swali gumu ni ndege zenyewe. Spitfire inakata kona ndogo zaidi. Bf 109 inapiga mbizi vizuri na haikohoi. Lakini Bf 109 halisi ilivuka bahari kutoka Ufaransa, na ikifika juu ya London ilikuwa na dakika kama kumi tu za kupigana kabla mafuta hayajailazimisha kurudi. Je, mwenye seva awape Wajerumani mafuta pungufu kama ilivyokuwa, ama asogeze viwanja vyao karibu ili mchezo unoge? Upande mmoja ukiwa na wachezaji 30 na mwingine 12, awazuie watu kuingia kwa wengi, ama aseme vita ni vita?

Ubishi mwingine usioisha ni wa petroli. Mwaka wa 1940 Waingereza walikuwa wameanza kutumia petroli ya oktani 100, ambayo iliruhusu injini ya Merlin kusukumwa kwa nguvu zaidi kwa dakika chache bila kuharibika. Kwa hivyo Spitfire ya gemu inafaa iwe na petroli ipi? Nimeona watu wazima, wenye watoto, wakirushiana picha za nyaraka za zamani kuhusu mapipa ya petroli. Na ajabu ni kwamba wanaorusha Spitfire wote wana ushahidi kwamba petroli ilikuwa nzuri, na wanaorusha Bf 109 wote wana shaka.

Ukweli ukianza kukupa ushindi, kila mtu anakuwa mwanahistoria.

Wakati mwingine mambo huvuka mpaka. Mwaka wa 2021 mchezaji mmoja wa War Thunder aliweka mtandaoni kurasa za kitabu cha kijeshi cha kifaru cha Uingereza, Challenger 2, ili awaonyeshe watengenezaji kwamba kifaru chake kwenye gemu hakikutengenezwa sawa. Kampuni ikaziondoa. Fikiria, unahatarisha kesi ya siri za serikali kwa sababu ya kifaru cha kwenye skrini.

Msimamo wangu ni huu: swichi yoyote ni haki ikiwa kila mtu ameiona kabla ya kuruka. Ukiniambia mapema kwamba leo Wajerumani wana mafuta ya dakika kumi, nitachagua upande nikijua. Kinachouma ni mtu kucheza kwa sheria zake peke yake, gizani.

MFUKO NA WAYA WA BAHARINI

Lakini kuna swichi ambazo mwenye seva hana. Ziko kwa mfuko wako.

Angani, anayeona kwanza ndiye anayeishi. Mwenye hela anavaa kifaa kama TrackIR, kinachofuata kichwa chake: akigeuza shingo kidogo, rubani wa kwenye skrini anageuka hadi nyuma. Mimi nilianza kwa kibodi na mausi. Ili niangalie nyuma nilihitaji kuachia kitu kingine, kama dereva wa matatu anayehesabu nauli akiendesha. Baadaye nikagundua opentrack, programu ya bure inayoweza kutumia kamera ya kawaida ya kompyuta kufuata uso wako. Inatetemeka taa ikiwa hafifu, lakini ilinipa shingo.

Pia kuna watu wanaopunguza ubora wa picha makusudi, kwa sababu kwenye simuleta nyingine nukta ya ndege ya mbali inaonekana kubwa zaidi kwenye skrini duni. Mtu ana kompyuta ya bei ya gari, lakini anaichezea kama ya saiba ili akuone kabla hujamwona. Je, huyo amekosea? Hakuvunja sheria yoyote. Lakini hakuna rubani wa 1940 aliyepunguza ubora wa macho yake.

Halafu kuna umbali. Seva nyingi nzuri ziko Ulaya. Data yangu inatoka Umoja, inateremka hadi Mombasa, inaingia kwenye waya wa chini ya bahari, inazunguka dunia, inafika. Kwenda na kurudi ni kama sehemu 170 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Inaonekana ni kitu kidogo, sivyo? Hebu tupige hesabu. Ndege inayokwenda kilomita 500 kwa saa inapita mita 139 kwa sekunde. Habari za mahali nilipo zikichukua sehemu ya kumi ya sekunde kumfikia adui, mimi nimeshasonga mita 14. Spitfire nzima ina urefu wa mita 9 hivi. Kwa hivyo adui anapiga mahali ambapo nilikuwa, si mahali nilipo.

Kompyuta hujaribu kukisia njia yangu ili kuziba hilo pengo. Nikinyooka, inakisia vizuri. Nikikata kona ghafla, naonekana nikiruka kutoka hapa hadi pale kama jini. Mara ya kwanza niliitwa mdanganyifu ilikuwa wiki ya pili. Jamaa aliandika kwamba natumia programu ya kuchiti. Nilimjibu kwamba natumia intaneti ya mtaani, ya kugawana na majirani watano.

Wenye seva wengine huweka kiwango: intaneti yako ikichelewa kupita hapo, unatolewa. Nawaelewa, maana kupigana na jini si raha. Lakini sheria hiyo ikikazwa sana, anga lote la Ulaya linakuwa la watu wa Ulaya. Seva yetu ina kiwango kinachotuvumilia, na mimi nimejifunza kukaa mbali na mapigano ya kugusana mabawa, ambapo kuruka kwangu kunamwumiza mwenzangu zaidi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona tu ni adabu.

MASHINE ILIYOSHINDA 5-0

Kama unafikiri haya ni mabishano ya watoto, sikiliza hii. Agosti 2020, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, DARPA, lilishindanisha programu nane za akili unde kwenye simuleta ya F-16. Ile ya kampuni ya Heron Systems ikashinda wenzake, halafu ikapambanishwa na rubani halisi wa F-16, mkufunzi kabisa. Mashine ilishinda 5-0.

Watu wakashangilia, wengine wakaogopa. Lakini marubani waliuliza maswali yale yale tunayouliza sisi. Mashine ilikuwa inajua kila wakati adui yuko wapi na anakwenda kasi gani. Haikuhitaji kumtafuta kwa macho. Tena ilipenda kupiga ikija uso kwa uso, mtindo ambao marubani wa Marekani wamekatazwa mazoezini kwa sababu ya hatari ya kugongana. Wanatakiwa waache futi 500 kati ya ndege na ndege. Mashine haikuwa na mke wala mtoto wa kumfikiria.

Je, ilidanganya? Hapana. Swichi zake zilikuwa wazi, kila mtu alizijua. Lakini jamaa aliyekuwa upande wa pili aliingia na mazoea ya mtu anayetaka kurudi nyumbani jioni. Ule woga wa kufa ni sehemu ya ukweli wa kuruka, na hakuna swichi ya kuuwasha. Kwenye kikosi chetu tunauigiza kwa ile sheria ya kurudi sifuri. Ni woga wa bandia, lakini unafanya kazi. Ulifanya kazi hadi nikachomoa waya.

KISICHOONEKANA NA PROGRAMU

Udanganyifu wa kubadilisha mafaili ya gemu unaweza kukaguliwa. DCS, kwa mfano, inampa mwenye seva uwezo wa kudai kwamba mafaili yako yawe safi kabla ya kuingia. Anayejiongezea nguvu za injini anaweza kukamatwa.

Lakini hakuna programu inayokagua roho. Mtu ameruka na parachuti, unageuza ndege unampiga akining'inia. Mtu ndiyo kwanza anawasha injini uwanjani, unamvizia na kumpiga kabla magurudumu hayajazunguka, mara tano mfululizo. Mtu anaingia kwa upande wa adui na jina jingine, anachungulia mipango yao, kisha anawaambia wenzake. Na mtu akishapigwa, anahepa: anatoka mtandaoni kabla ndege haijaanguka ili mwenzake asihesabiwe ushindi. Kuna seva zinazomhesabu aliyehepa kuwa amekufa. Yetu ilikuwa inaamini neno la mtu, kwa sababu sisi wa nchi za stima ya kubahatisha tulikuwa tumeomba tusihukumiwe kwa makosa ya transfoma.

Ndiyo. Huruma hiyo niliiomba mimi mwenyewe, halafu mimi mwenyewe nikaitumia vibaya.

Basi safari ya 24 ikapita, ya 25 ikapita, nikapewa kundi la ndege nne. Nilijisikia mkubwa. Mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, naongoza watu wa nchi tatu.

Usiku wa tatu wa uongozi wangu, stima ikapotea. Kweli. Umoja nzima giza, mpaka ukasikia mtaa ukiguna kwa pamoja. Wenzangu watatu walikuwa nyuma yangu juu ya bahari, wakinisubiri niamue kama tunashuka kupiga ama tunarudi. Walizunguka wakinisubiri. Wawili wakapigwa. Mmoja wao alikuwa na safari 41 bila kufa.

Nikaandika kwa simu: "Jamani, stima imepotea. Wallahi ni ya kweli."

Hakuna aliyejibu. Na lile neno "ya kweli" nililisoma mara mbili nikajua nimejifunga mwenyewe.

Kesho yake Mzee akanipigia. Mzee ndiye msimamizi wa kikosi, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Uingereza, fundi wa ndege aliyestaafu. Ndiye aliyenikaribisha kikosini aliposikia nasema Kiswahili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Stima imerudi?"

"Imerudi, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Ile ya jana naiamini. Nimeuliza jamaa zangu huko, wameniambia mtaa mzima ulizimika. Ile ya mwezi uliopita ndiyo inanisumbua. Stima inayokatika sekunde mbili baada ya kupigwa, hiyo stima ina macho."

Nikamwambia kila kitu. Waya, taa, jirani anayefua.

Hakunifokea. Aliniambia ya kwamba alikuwa amejua tangu siku ile, kwa sababu jamaa wa Poland aliyenipiga hurekodi safari zake zote, na kwenye video ndege yangu inaganda hewani ikiwa imeshaanza kuwaka moto. Yule jamaa alimtumia Mzee video, akamwomba asiseme kitu. Alitaka kuona kama nitajisema.

Hapo ndipo nilipotaka sakafu ifunguke.

Hesabu yangu ilirudi sifuri. Uongozi nikauvua. Niliwaandikia wale wawili walioanguka, mmoja akanijibu vizuri, yule wa safari 41 hadi leo hajanijibu na simlaumu. Halafu nikamwandikia yule Mpoland, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikamwambia ule ushindi ulikuwa wake.

Akajibu kwa herufi moja na alama: "S!"

Kwetu hiyo ni saluti. Ni desturi ya zamani ya marubani wa mtandaoni: ukipigwa vizuri, unamwandikia aliyekupiga. Mimi ndiye nilipaswa kumwandikia, usiku ule ule, mafuta yakiwa bado kwenye kioo.

Ukitaka kuanza, huhitaji mashine ya kutisha. IL-2 Sturmovik: 1946, ambayo ni ya 2006, inazunguka hata kwenye kompyuta kuukuu, na DCS nimeshakuambia inapakuliwa bure ingawa inakula sana mashine. Soma swichi za seva kabla ya kuingia. Usimpige mwenye parachuti. Mtandao wako ukiwa mbaya, sema mapema. Ukipigwa, shuka nayo hadi chini.

Mimi sasa niko safari ya tisa. Waya wa intaneti nimeufunga kwa utepe wa fundi wa stima, mizunguko mingi, si kwa sababu utanizuia bali kwa sababu utanipa muda wa kufikiri. Na siku stima ikipotea kweli tukiwa pamoja angani, nitakuandikia kwa simu. Kama utaniamini ama hutaniamini, hilo nakuachia wewe.